Taa Isiyohama

Soma: Zaburi 107:23–32, Matendo ya Mitume 27.



Mwezi huu wa saba sisi huku tumo katika kipupwe. Kusi yavuma, asubuhi ni baridi, na watu wa pwani wanajua kwamba si kila siku ni siku ya kwenda mbali. Lakini kaskazini ya Ulaya, katika nchi ya Norwei, mwezi huu ndio kiangazi chao. Shule zimefungwa, jua huchelewa kuchwa, na jamaa nyingi, baba, mama na watoto, hupanda mashua zao za matanga na kusafiri kando ya pwani kwa juma moja au zaidi. Hawaendi kuvua wala kuchukua mizigo. Wanakwenda kupumzika.

Huenda mvuvi wetu akacheka akisikia kwamba mtu hupanda chombo ili apumzike, maana yeye hupumzika akishuka. Hata hivyo safari ile si mchezo. Pwani yao ni ya mawe matupu, na chombo kimewabeba watu wote wa nyumba moja. Nahodha akikosea, hakosei peke yake. Kwa ajili hiyo naomba tuwafuate watu hao kwa mawazo, tangu bandari moja hata nyingine, kwa kuwa kila nyumba ya Kikristo nayo ni chombo cha namna hiyo hiyo.

Mwamba usiofunuliwa

Hebu tuwawazie jamaa wanaoanza safari katika mji mdogo wa Lillesand, kusini ya Norwei. Wanaelekea magharibi kwa njia iitwayo Blindleia, nayo ni njia nyembamba ya maji ipitayo kati ya bara na visiwa, ikielekea mji wa Kristiansand. Bahari kuu iko nje ya visiwa. Ndani maji ni matulivu. Nyumba nyeupe za mbao zimesimama juu ya mawe. Mawe yenyewe ni laini, kwa sababu zamani za kale nchi yote ilifunikwa na barafu nene, na barafu hiyo ilipokuwa ikisogea iliyasugua majabali. Ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha pwani iliyovunjikavunjika: hori, visiwa, na vijisiwa visivyo na hata mti mmoja. Ukiufuata ukingo wote wa nchi ile, pamoja na hori zake na visiwa vyake, utapata zaidi ya kilometa 100,000.

Mtoto akitazama mbele huona mawe yaliyo juu ya maji, naye huyaogopa hayo. Nahodha hayaogopi sana, maana anayaona. Analoliogopa ni jiwe lililo chini ya maji kwa kiasi cha meta moja, kwa kuwa mkuku wa mashua yake huenda chini kuliko hapo.

Hapa kwetu bahari ina desturi ya kutufunulia siri zake. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha meta 3 hata 4, na yakipwa, mwamba uliofichwa asubuhi waonekana mchana, na akina mama hutembea juu yake wakitafuta pweza. Pwani ya kusini ya Norwei si hivyo. Kule maji hupanda na kushuka kwa shubiri moja au mbili tu, isipokuwa upepo mkali umeyasukuma. Mwamba uliofichwa leo utakuwa umefichwa kesho, na mwakani pia. Hakuna maji kupwa yatakayoufunua. Atakayeufunua ni yule atakayeupiga.

Ndugu zangu, ziko dhambi za maji yanayopwa, na ziko dhambi za maji yasiyopwa. Mlevi anayeanguka njiani watu wote wanamwona, na watoto wanamcheka. Dhambi yake imefunuliwa na mchana. Lakini yuko baba anayekuja kanisani kila Jumapili, amevaa vizuri, anakaa kiti cha mbele, na nyumbani kwake kuna deni ambalo mkewe halijui. Yuko mama aliyenyamaziana na dada yake tangu mazishi ya mzazi wao, kwa ajili ya shamba, na wote wawili wanapokea Komunyo. Yuko mtu mwenye nyumba ya pili katika mji mwingine. Juu ya maji hayo pametulia kabisa. Majirani wanasema, nyumba ile ina amani. Siku mkuku utakapogusa, watashangaa wote, na watakaoanguka majini kwanza ni watoto.

Fimbo ya chuma

Je, watu wa kule husafirije basi, ikiwa bahari yao haifunui miamba? Husafiri kwa kutegemea kazi ya watu waliowatangulia. Kando ya njia zao zimesimikwa fimbo za chuma juu ya miamba, moja baada ya moja, na nyingi katika hizo zina mkono mdogo uliotokeza upande mmoja. Mkono huo huelekeza upande wenye maji ya kutosha. Ziko pia nguzo za mawe zilizopakwa rangi nyeusi na kufungwa mshipi mweupe, nazo zina mkono kama huo. Mgeni asiyeijua pwani ile hata kidogo, akifuata mikono hiyo na ramani yake, atapita salama mahali ambapo kwa macho yake mwenyewe asingethubutu kupita.

Siku hizi wanavyo pia vyombo vya setilaiti vinavyowaonyesha mahali walipo, na ramani ndani ya kioo kidogo. Ni msaada mkubwa. Lakini kioo hakijaondoa hata jiwe moja baharini, na fimbo za chuma bado zimesimama.

Nawaombeni mfikiri jinsi tunavyozitazama Amri za Mungu. Vijana wengi, na wazee pia ingawa hawasemi, huzitazama kama ukuta. Huona kwamba Mungu amezungushia furaha boma, akaandika langoni, usiingie. Basi mtazame nahodha yule. Je, anaikasirikia fimbo ya chuma? Je, asema imemnyima bahari? La, hasha. Ni kwa sababu ya fimbo hiyo kwamba anaweza kuifurahia bahari pamoja na watoto wake. Kama zisingekuwapo, angebaki bandarini, au angezama. Amri isemayo usizini inauonyesha upande wenye maji ya kutosha kwa ndoa. Amri isemayo usiibe inauonyesha upande ambao mtu aweza kupita na kulala usiku bila hofu. Mkono umenyoshwa ili tupite.

Rangi unayoiona

Sasa jua limekuchwa. Katikati ya kiangazi giza la kule si giza kamili, lakini mwezi wa nane ukifika usiku huwa mweusi, na jamaa wetu wamechelewa njiani. Hapo ndipo taa za pwani zinapofanya kazi, nazo zimetengenezwa kwa hekima ambayo nataka mwishike vizuri.

Taa moja ina vioo vya rangi mbalimbali. Kwa upande wa njia iliyo salama, mwanga wake hutoka mweupe. Kwa upande mmoja wa njia hutoka mwekundu, na kwa upande wa pili hutoka wa kijani. Nahodha akiiona taa nyeupe, anajua kwamba yumo njiani. Ikigeuka ikawa nyekundu au kijani, anajua kwamba ametoka katika njia, na pia anajua ametoka upande gani. Hugeuza usukani polepole mpaka nyeupe irudi.

Angalieni jambo hili. Taa haikuhama. Haikubadilika. Ilipokuwa nyeupe ilikuwa taa ile ile, na ilipokuwa nyekundu ilikuwa taa ile ile, juu ya jiwe lile lile. Aliyehama ni msafiri.

Nahodha mpumbavu anaweza kusema, taa hii imeharibika, jana ilikuwa nyeupe. Atasema hivyo huku akiendelea mbele. Na sisi je? Yuko mtu aliyekuwa akiisikia Injili kwa furaha. Sasa kila mahubiri humchoma, naye husema, padre huyu ananisema mimi. Yuko aliyekuwa akipenda sala ya jioni pamoja na watoto. Sasa akisikia mtoto akianza kuimba, hutafuta sababu ya kutoka nje. Yuko aliyekuwa akifurahi kukutana na rafiki mmoja mkweli. Sasa akimwona njiani huvuka upande wa pili. Ndugu, Neno la Mungu ni lile lile. Rafiki yako ni yule yule. Kabla hujasema kwamba taa imeharibika, uliza ulipo.

Hata hivyo nisiwatwike mzigo usio wenu. Kuna usiku ambapo hakuna rangi yo yote inayoonekana, kwa sababu ukungu umefunika bahari. Hapo msafiri hana kosa. Mama aliyefiwa na mtoto, akiomba asisikie kitu, hakutoka katika njia. Ayubu naye alipita katika ukungu huo. Katika ukungu nahodha mwenye akili hatafuti wa kumlaumu. Hupunguza mwendo, hutega masikio, na akipata mahali hutia nanga hata kutakapopambazuka. Mtu aliye katika hali hiyo asihukumiwe. Akae karibu na wenzake, asikie sauti zao.

Taa iliyokosa kutunzwa

Kusini kabisa ya nchi kavu ya Norwei pana rasi iitwayo Lindesnes. Hapo maji ya Bahari ya Kaskazini hukutana na maji ya Skagerrak, na mawimbi huwa mabaya. Taa ya kwanza ya Norwei iliwashwa hapo mwaka 1656. Lakini muda mfupi baadaye ilizimwa, na haikuwashwa tena hata mwaka 1725. Kwa karibu miaka 70 vyombo vilipita rasi ile vikiwa na giza mbele yao, ingawa mahali pa taa palikuwa panajulikana. Mnara wa chuma uliopo leo ulijengwa mwaka 1915.

Nyumba ngapi katika parokia yetu ziliwasha taa mwaka wa ndoa na kuizima muda mfupi baadaye? Siku ya arusi Biblia ilipokelewa kwa mikono miwili. Miezi michache waliomba pamoja. Kisha ikaja kazi, akaja mtoto, wakaja wageni, na taa ikazimika bila ugomvi wo wote. Hakuna aliyesema, tusiombe tena. Sasa watoto wamekuwa wakubwa na wanapita penye rasi yao wenyewe gizani. Hata hivyo habari ya Lindesnes haikuishia kwenye kuzimwa. Taa iliwashwa tena mahali pale pale. Nyumba yo yote inaweza kuanza tena usiku huu, kwa dakika tano na Sala ya Bwana.

Kungoja na kuvaa

Turudi kwa jamaa wetu. Kabla ya kufika Lindesnes wanapita visiwa vya Ny-Hellesund, magharibi ya Kristiansand. Zamani za merikebu za matanga, mabaharia waliingia hapo kungojea upepo mzuri, wakati mwingine siku nyingi. Sasa hewa imechafuka. Baba anataka kuendelea, kwa sababu amepanga kufika Mandal leo, na likizo inakwisha. Mama anasema, tungoje. Mtoto mdogo anatapika. Je, nani atasikilizwa?

Mtume Paulo alikuwa katika shauri kama hilo. Aliwaonya waliokuwa naye kwamba safari italeta hasara, lakini akida alimsadiki zaidi nahodha na mwenye merikebu. Kisha upepo wa kusi ukavuma kidogo kidogo, nao wakadhani wamepata walichokitaka. Mwisho wake mwaujua. Akina baba, nawasihi: mke anaposema, tungoje, msidhani amewavunjia heshima. Mkopo unaotaka kuuchukua, shamba unalotaka kuliuza, safari ya mjini unayoitaka kwa haraka, vyote vinaweza kungoja siku tatu, mkaomba pamoja. Wote mmo katika chombo kimoja.

Na jambo jingine. Kule watoto huvikwa makoti ya kuelea majini kabla hawajakanyaga mashua. Tangu mwaka 2015 sheria ya Norwei inamlazimisha kila mtu aliye katika mashua ya starehe isiyofika meta 8, mkubwa kwa mdogo, kuvaa kifaa cha kuelea chombo kinapokwenda. Wakubwa nao, maana bahari haiulizi umri. Lakini kwetu wazazi wangapi huwavika watoto imani, wao wenyewe wakabaki bila? Huwapeleka shule ya Jumapili na darasa la kipaimara, kisha wao hukaa barazani wakisoma gazeti. Mtoto si kipofu. Akiona kwamba baba hakivai, atakingojea kimo cha baba ili naye akivue.

Mashua iliyotoka

Nimesema habari za fimbo na taa. Kama ningekoma hapa ningekuwa nimewahubiri Torati tu, na wengine wenu mngekwenda zenu kwa huzuni. Maana mmoja anasema moyoni, mimi nimekwisha kupiga mwamba. Taa niliiona ikiwa nyekundu, nikaendelea. Sasa chombo kimevunjika. Taa itanisaidia nini?

Unasema kweli. Taa huonyesha njia, lakini haiwezi kuogelea. Watu wa Norwei walilijua hilo. Mwaka 1891 waliunda chama cha kuwaokoa watu baharini, ambacho kingaliko. Mjenzi mmoja wa vyombo, Colin Archer, mtu wa Larvik ambaye wazazi wake walitoka Uskoti, alibuni mashua ya matanga yenye nguvu, itakayoweza kutoka wakati ambapo vyombo vingine vyote vinakimbilia ndani. Ya kwanza iliyojengwa kwa mkono wake iliingia majini mwaka 1893, nayo ikapewa jina lake. Mwaka uliofuata, mbali kaskazini katika jimbo la Finnmark, mashua hiyo iliokoa watu 36 katika dhoruba moja. Taa zilibaki juu ya mawe yake, kama ilivyo kazi yake. Mashua ilitoka.

Ndugu zangu, hii ndiyo Injili. Mungu alitupa Amri, nazo zasimama hata leo. Lakini alipotuona tuko juu ya mwamba hakutuma taa nyingine. Alikuja mwenyewe. Neno alifanyika mwili, akaingia katika maji yetu, katika usiku wetu, na mawimbi yakapita juu yake pale Msalabani. Hakutungoja tufike pwani kwa nguvu zetu. Kwa mkono uliotobolewa alitushika.

Na tazameni jinsi mwokoaji anavyofanya kazi. Anapomfikia mtu aliye majini, hamwulizi kwanza, je, hukuiona fimbo? Hutupa kamba kwanza. Maswali yatakuwako baadaye, mtu akiisha kukauka na kunywa chai. Sisi je? Binti wa kwaya anapopata mimba, ni nani kati yetu anayetangulia kufika kwao, mwenye kamba au mwenye maswali? Kijana anaporudi kutoka mjini na mikono mitupu na ugonjwa, tunatoka kumlaki, au tunasimama pwani tukihesabu mara ngapi alionywa? Kanisa linalosimama pwani na kuhesabu si la yule aliyetoka.

Basi mwezi huu nawaomba mambo matatu. La kwanza, iwasheni tena sala ya jioni nyumbani, wote pamoja, hata ikiwa fupi. La pili, kabla ya kuja kwenye Komunyo Takatifu, kila mmoja autaje mwamba wake mmoja uliofichika, kwa mume, kwa mke, au kwa padre. Maana uliotajwa umekwisha kusimikwa fimbo. La tatu, itembeleeni nyumba moja ambayo hamjaiona kanisani siku nyingi. Msiende na maswali. Chukueni kamba.

Tuombe.

Ee Bwana, mwenye bahari na nchi kavu, uzitazame nyumba zetu zisafirizo. Utufunulie miamba tunayoificha, kabla haijawavunja tuwapendao. Utupe unyenyekevu wa kugeuza usukani rangi ya taa ibadilikapo, na subira ya kungoja upepo usipofaa. Uwafikie usiku huu walio juu ya mwamba, na ututume sisi pamoja nawe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.